Mtoto wa Siku Saba na Mashine Iliyoinama

Hapo zamani, wala si zile zamani za sungura kuvaa kanzu, ni zamani za juzi tu, umeme ulikuwapo na kukatika ulikatika, palikuwa na mtoto wa kike asiye na jina.

Alikuwa na siku saba. Vidole kumi alikuwa navyo, nywele za kunyolewa alikuwa nazo, na sauti ya kuamsha mtaa mzima alikuwa nayo. Jina hakuwa nalo. Sogeeni karibu. Na wewe uliyeegemea ukuta kama umekuja kuulinda, sogea, maana hadithi hii ina kazi na wewe mwishoni.

Mambo haya yalitokea Lukindo, mji wa mlimani, ambako asubuhi ukungu huingia hadi jikoni. Desturi ya Lukindo ni hii. Mtoto hapewi jina kwa sababu jina ni zuri, hupewa jina la mtu. Mtu huyo ndiye somo wake. Na somo si wa kula pilau siku ya akika kisha akapotea. Mtoto akikua, somo humfunda. Akiolewa, humsindikiza. Akikosea, huulizwa somo kwanza, mama baadaye. Tena ikiwa yuko mtu aliyeokoa roho katika nyumba ile, mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya hapo ni wa jina lake. Hilo Lukindo halina mjadala.

Mjadala ulikuja siku hiyo. Roho iliyookolewa ilikuwa moja, mtoto alikuwa mmoja, na waliosimama kudai jina walikuwa watatu. Mwisho wakawa wanne, lakini ngojeni, nisikimbilie.

Roho iliyookolewa ni ya bibi yake mtoto, mama mzaa mama. Jina lake Mwanamvua, msusi wa mikeka. Miguu yake haikumbeba tangu ana miaka minne, homa ilipita nyumbani kwao ikaondoka na nguvu ya miguu. Alitembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, na mabega yake yakawa mapana kuliko ya mumewe. Mumewe alilisema hilo kwa majivuno, tena mbele za watu.

Sasa, hospitali ya mji ilikuwa imeletewa mashine ya kupiga picha za matiti. Picha za ndani, zinazoonyesha ugonjwa ungali mdogo, kabla mkono wa mtu haujaweza kuugusa. Nyinyi mnasikia hivi hivi tu. Hebu tulieni mfikirie. Mtu aonekane ndani bila kisu, bila damu, kisha ajifunge kanga yake arudi nyumbani kupika. Mimi hata leo nikilifikiria jambo hilo mwili hunisisimka.

Lakini mashine ile ilikuwa ndefu kama mlango. Ilitengenezewa mwanamke anayesimama. Asimame wima, avue nguo hadi kiunoni, ainue mkono, ashike chuma, akae kimya. Ina mabamba mawili. Titi huwekwa juu ya la chini, la juu hushuka, hubana. Na lazima libane, kwa sababu titi lisipotandazwa picha hutoka na ukungu. Asubuhi za Lukindo mnazijua. Bamba lilikuwa la baridi hata wanawake waliruka kabla halijawagusa vizuri.

Mwanamvua alikwenda. Ndugu zake wawili walikufa kwa ugonjwa wa titi, akasema yeye hatangoja. Wauguzi wawili wakamshika makwapani, mmoja huku na mmoja kule, wakamnyanyua. Mashine ikasimama, mwanamke akaning'inia. Picha ikatikisika. Wakamnyanyua tena, mashine ikasimama, mwanamke akaning'inia, picha ikatikisika. Mara ya tatu kanga yote ikadondoka sakafuni, na mlango ulikuwa wazi.

"Nishusheni," akasema Mwanamvua.

"Mama, bado moja tu."

"Nishusheni, wanangu. Mashine hii imetengenezewa mtu mwingine. Mimi nimeingia kwa mtu bila hodi."

Akapanda baiskeli yake, akaondoka. Hakulia hadi alipopita geti.

Mtu mmoja alimwona akipita getini. Huyo ni Rehani, fundi wa vifaa vya hospitali, kijana aliyesomea kazi hiyo chuoni akarudi kwao. Rehani alisimama pale hadi baiskeli ikapotea kwenye ukungu. Mama yake, Bi Semeni, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma kwa ugonjwa uo huo. Alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai, akauficha chini ya kanga kwa mwaka mzima. Kila Rehani alipouliza, "Vipi, mama?" alijibiwa, "Salama, mwanangu." Salama, salama, hadi siku ya mwisho.

Siku hiyo Rehani hakula. Akaandika barua kwa wakubwa wa hospitali, akaandika kwa walimu wake wa chuo, akajibiwa, akaandika tena. Akasema hivi: nipeni ruhusa nijenge mashine nyingine, na hii ya kwanza iacheni ilivyo. Wakampa. Akafunga kibwebwe, yeye na walimu wake, mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha.

Siku ya kuionyesha, watu walijaa madirishani. Nilikuwapo. Rehani akaweka kiti kipana, ubavu wake unafunguka ili mtu ahamie kutoka kitini kwake bila kubebwa. Akaketi muuguzi. Rehani akabonyeza, na chuma kile kirefu kikashuka. Kikashuka polepole, bila kelele, hadi usawa wa kifua cha mwanamke aliyekaa, kikatulia. Akaja mfupi zaidi, kikashuka zaidi. Ikaingizwa baiskeli ya magurudumu matatu, miguu ya mashine ikayapisha magurudumu. Mwanamke amekaa, mashine imeinama.

Hakuna aliyepiga makofi. Tumezoea kuinama sisi, mbele ya meza za ofisi, mbele ya vidirisha vya dawa. Tulikuwa hatujaona chuma kikimwinamia mwanamke.

Basi wakaalikwa wanawake arobaini wakaijaribu, miale ikiwa imezimwa, ili fundi ajue kama inaumiza. Mwandishi wa daftari alikuwa mimi. Ndiyo, mimi, msinikodolee macho. Rehani akauliza, mimi nikaandika.

"Mama, inauma?"

"Haiumi, mwanangu."

"Bamba lina baridi?"

"La, salama tu."

"Na kiti?"

"Kizuri mno, Mungu akubariki."

Wa pili, haiumi. Wa tatu, haiumi. Wa kumi, wa ishirini, haiumi, salama, nashukuru. Wa arobaini alikuwa Mwanamvua mwenyewe. Bamba likashuka, likabana, nikaona macho yake yamejaa machozi, yanacheza kwenye kope. Rehani akauliza, "Mama, inauma?" Akajibu, "Salama, mwanangu. Nashukuru sana." Nami nikaandika kwa mkono wangu huu: haiumi.

Tukafurahi. Kisha wakaitwa wote arobaini waje wapigwe picha ya kweli. Mnajua walikuja wangapi? Watatu. Na katika hao watatu, wawili walijitoa bamba liliposhuka, picha zikatoka ukungu mtupu. Rehani akakaa na daftari magotini. "Haiumi," akasema, "haina baridi, kiti ni kizuri. Sasa mbona hawaji?"

Msimcheke. Sisi hapa tuko vipi? Mtu akikuuliza, "Habari za nyumbani?" unajibu nini? Nzuri. Hata ukiwa umekuja kuleta taarifa ya msiba, unasema kwanza nzuri, ndipo unasema ila baba hatunaye. Nzuri kwanza. Rehani alizaliwa ndani ya salamu hiyo, alinyonyeshwa nayo, na mama yake alikufa nayo mdomoni. Bado aliuliza, akajibiwa, akaamini. Na mimi niliyeona machozi nikaandika nilichoambiwa.

Ndipo akaja Tausi.

Tausi alikuwa na kinu cha kusaga unga pale sokoni. Maisha yake yote alizungumza juu ya mlio wa injini, na hata injini ikizimwa yeye hakuzimika. Watoto wa Lukindo walionywa kwa jina lake: nyamaza, usiwe na mdomo kama Tausi. Mume alikuwa naye, akaondoka. Mtoto hakupata. Siku hiyo alikuja kwa sababu majirani walimwambia mashine mpya ni raha, ni kama kukaa kwenye sofa.

Akakaa. Mashine ikainama. Bamba likashuka.

"Wee! Wee fundi! Toa! Toa chuma chako!"

Wagonjwa kwenye korido wakasimama. Rehani akabonyeza haraka, bamba likapanda. "Dada, tulia. Wanawake arobaini wamekaa hapo, hakuna aliyeumia."

"Arobaini waongo! Kubana sijali mimi, nabanwa na magunia kila siku. Ukingo! Ukingo wa bamba lako unanikata ubavu. Na kwapa linavutwa, na shingo imepindwa kama ya kuku. Na baridi hii! Weka kifua chako hapo wewe, tukuone!"

Wanawake wakajiziba midomo kwa kanga. Hana haya, wakasema, Tausi hana haya hata chembe. Rehani alikasirika, nisiwafiche. Alilitupa daftari mezani, akamwonyesha mlango. Lakini Tausi alipokwisha kutoka, Rehani alikunja shati, akaweka ile nyama laini ya ndani ya mkono wake ukingoni mwa bamba, akabonyeza. Akauondoa mkono upesi. Palikuwa na mstari mwekundu. Akauangalia mstari ule muda mrefu.

Jioni ile akaenda kwa Bi Mwasiti. Bi Mwasiti ndiye kungwi mkuu wa Lukindo, mama anayewafunda wasichana wakivunja ungo. Alikuwa mzee sana, mdogo wa mwili, na hakuna mwanamke mjini aliyethubutu kumtazama machoni kwa muda mrefu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

Bi Mwasiti akacheka. "Nzuri, na uso huo?"

"Si nzuri, bibi." Akamweleza yote. Akamsomea daftari, jina baada ya jina. Bi Mwasiti alisikiliza akiwa amefumba macho. Jina la kwanza akasema, "Huyu nilimfunda mimi." La pili, "Huyu pia." La tatu, "Huyu nilimfunda mama yake, kisha nikamfunda yeye." Majina arobaini, wote walipita mikononi mwake.

"Mwanangu," akasema, "kwenye nyumba yangu msichana akilia, tunaanza upya. Niliwafundisha kuwa mwanamke haonyeshi maumivu mbele ya mgeni. Akiulizwa, salama. Hawakukudanganya. Walikujibu nilivyowafunda. Nilifunda vizuri."

Akaificha mikono yake chini ya kanga.

"Na Semeni, mama yako," akasema, "naye nilimfunda mimi."

Mimi niliambiwa hayo na Rehani mwenyewe, miaka baadaye. Alisema hakujua afanye nini, akipige teke kigoda au amshike bibi mkono. Akakaa tu. Ni Bi Mwasiti aliyesimama kwanza.

Kesho yake aliwaita wote arobaini, wakaja wote ila Mwanamvua, wakajaa chumba cha mashine, na mlango akaufunga mwenyewe. Wanaume nje, Rehani nyuma ya pazia, na mimi, mwanamke mwenzao, ndani na daftari. Bibi yule akakaa kitini. Akafungua kanga upande mmoja. "Shusha," akamwambia muuguzi. Mashine ikainama, bamba likashuka, likabana kifua kile kikuukuu, na Bi Mwasiti akapaza sauti:

"Inauma!"

Wenzangu, kuna wanawake mle waliokuwa na wajukuu, na hawakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Walishikana mikono.

"Nimesema inauma. Yuko nani wa kuniambia sina adabu?"

Wanawake wakajisogeza karibu na kiti.

"Basi niliyewafunga ulimi ni mimi, na leo nawafungua. Akae wa kwanza."

Akakaa wa kwanza, akasema inauma. Akakaa wa pili, akasema ukingo. Wa tatu akasema baridi, wa nne akasema kwapa. Wa tano alilia tu, na Bi Mwasiti akaniambia, "Andika alilia." Nikaandika hadi kalamu ikaisha wino. Tena bibi yule akamwita Rehani nyuma ya pazia, akamwambia, "Na hiyo ya kumvua mtu nguo zote ikome. Hayuko hapa kuoshwa kama maiti. Fungua upande mmoja, funika mwingine." Akaikata kanga yake mwenyewe kuonyesha, akaishona ikafungwa begani kwa kamba.

Sasa Rehani alijua panapouma, ila hakujua paponywe vipi. Wanawake walisema inauma siku moja, lakini ni nani atakubali kurudi kubanwa kila siku hadi iache kuuma? Rehani akaenda sokoni, akasimama mbele ya kinu, akangoja injini izimwe.

"Dada Tausi, nimekuja kukuomba radhi."

"Sikusikii!" akasema Tausi, na injini ilikuwa imekwisha kuzimwa. Kisha akacheka. Akajifuta unga usoni. "Nitakuja. Lakini sitanyamaza."

Asubuhi thelathini alikuja, kabla ya kufungua kinu. Asubuhi thelathini alikaa, mashine ikainama, bamba likabana. Rehani alisaga ukingo ukawa wa mviringo. "Bado!" Akauvisha kitu laini. "Bado!" Akalaza bamba kidogo, lifuate umbo la mwili. "Afadhali." Akapitisha nyaya ndani yake likawa na joto la kiganja. "Aa. Hapo sasa." Aliondoka na alama nyekundu kifuani, akaenda kubeba magunia juu ya alama hizo hizo.

Na siku ya mwisho alisema neno. "Fundi, kwenye kinu changu wenzo ninao mkononi. Mahindi yakizidi, nazima. Kwa nini hapa anayebanwa ni mimi, na anayezima ni wewe?"

Rehani akatengeneza wenzo. Bamba linashuka lenyewe hadi karibu, lakini ile kubana ya mwisho mwanamke anaimaliza kwa mkono wake, na akitaka kuacha, anaacha. Hapa ndipo pananishangaza hadi leo. Walipopewa wenzo, wanawake walijibana wenyewe kuliko Rehani alivyowahi kuthubutu kuwabana. Walijibana, wakatulia, wakashusha pumzi. Picha zikatoka safi.

Bi Mwasiti akaenda kwa Mwanamvua. Alimkuta anasuka.

"Rudi, mwanangu."

"Bibi, nimekwenda mara mbili. Ya kwanza nilining'inizwa. Ya pili nilisema uongo."

"Najua. Uongo huo ni wangu. Rudi."

Mwanamvua alisuka safu nzima ya ukili, ule ukanda unaoshonwa uwe mkeka, akaimaliza, akaanza nyingine. Saumu, binti yake, aliyekuwa mwari bado, alikuwa anamtazama. Katikati ya safu ya pili akauweka ukili chini. "Saumu, niletee baiskeli."

Aliingia na baiskeli yake hadi ndani. Hakuna aliyemshika kwapani. Akahamia kitini kwa mikono yake. Kanga upande mmoja, upande mwingine kafunikwa. Mwanamke akakaa, mashine ikainama. Bamba likamgusa, akashtuka, akasema, "Lina joto!" Akashika wenzo kwa vidole vile vya kusukia, akavuta, akavuta tena kidogo, akaacha mwenyewe.

Picha ikatokea kwenye kioo. Alitaka kuiona, daktari akamruhusu. Na sisi tukachungulia. Ilikuwa nyeusi, na ndani ya weusi nyuzi nyeupe, nyembamba, zinatoka pembeni zinakutana kwenye chuchu, zinapitana, zinasukana. Mwanamvua aliisogelea hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Nimesuka miaka thelathini," akasema. "Sijasuka hivi. Hii ilikuwa ndani yangu siku zote?"

Daktari mwenyewe, aliyeziona picha nyingi, alivua miwani akaifuta.

Kisha Mwanamvua akanyoosha kidole. "Hapa ukili umevutwa."

"Wapi, mama?"

"Hapa. Nyuzi zote zinakwenda huku, hizi zimevutwa upande. Kuna kitu kinavuta."

Daktari akainama. Palikuwa na kidoa cha ukubwa wa mbegu ya ufuta. Mkono usingekigusa kidoa kile kwa mwaka, labda kwa miwili, na daktari alisema wakati huo ungekuwa umechelewa.

"Mama," akasema, "umeona sawa."

Wakakitoa. Kovu lake ni dogo kuliko alama ya ndui. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Saumu akaolewa, akazaa mtoto wa kike. Na siku ya saba babu wa mtoto, mume wa Mwanamvua, akamkalisha mapajani, nywele zimenyolewa, kichwa kinang'aa, akauliza kama desturi inavyotaka, "Somo wa mtoto ni nani?"

Akasimama Rehani.

"Wazee wangu, mimi ni mwanamume, sitaki jina langu. Nataka la mama yangu. Bila mashine kuinama, Mama Mwanamvua angeonekana? Nani aliiinamisha? Na niliinamisha kwa sababu gani, kama si mama aliyekufa akisema salama? Mtoto aitwe Semeni."

Tausi akadakia, "Marehemu atamfundaje mtoto?"

"Marehemu ndiye aliyenifunda mimi yote haya," akasema Rehani.

"Chuma chako kiliinama bila kumwona mtu! Kilikuja kuona nilipopiga kelele. Asubuhi thelathini, wazee. Alama ninazo. Huku mjini jina langu ni la kuonyea watoto. Nataka nilisikie mara moja kabla sijafa, mama amwite mtoto wake Tausi, na iwe kwa mapenzi."

Mtu mmoja nyuma akasema, taratibu, "Lakini ulipiga kelele kwa kuwa ndivyo ulivyo, si kwa ajili ya Mwanamvua."

"Asubuhi ya kwanza, ndiyo," akajibu Tausi. "Na zile thelathini?"

Akasimama Bi Mwasiti. Walitaka kumsaidia, akakataa.

"Mimi nina masomo kumi na mmoja mjini humu, wasichana wa jina langu. Jina halinipungukii. Kosa ni langu, nalijua. Semeni alinyamaza kwa mafundisho yangu, na arobaini walidanganya kwa mafundisho yangu. Lakini ni nani mwingine angewafungua? Tausi alisema, wakamcheka. Niliposema mimi, walisema wote. Na Mwanamvua alirudi kwa mguu wangu. Wale kumi na mmoja nimewafunda kunyamaza. Nipeni mmoja tu nimfunde kusema, nife."

Watu wakaanza kulia, na mimi nikiwa wa kwanza, sioni aibu. Babu akamtazama Rehani, akamtazama Tausi, akamtazama Bi Mwasiti.

Ndipo Saumu akasema kutoka kitandani, na kwa kawaida mzazi hasemi siku hiyo.

"Mbona hamumtaji mama yangu? Alining'inizwa, akarudi. Aliumizwa, akarudi. Mashine iliinama, bamba likapata joto, ndimi zikafunguliwa, lakini aliyeweka safu ya ukili chini akapanda baiskeli ni nani? Aliyekiona kidoa kabla ya daktari ni nani? Mnagombea shukrani za roho, na mwenye roho yuko hapo kimya. Mtoto aitwe Mwanamvua."

Wote wakageuka. Mwanamvua alikuwa kwenye baiskeli yake mlangoni, mikono juu ya magurudumu. Mumewe akamuuliza, "Mke wangu, unasemaje? Uko sawa?"

Akafungua mdomo. Tuliliona neno likija, lile lile, salama, limefika hadi kwenye midomo. Akalirudisha.

"Siko sawa," akasema. "Roho yangu inanitaka niseme majina manne, na mtoto ana sikio la kunong'onezewa moja. Amueni nyinyi."

Babu akainamisha mdomo kwenye sikio la mtoto, akangoja. Mtoto naye, aliyelia siku saba, akanyamaza kama anasikiliza.

Wengine waliokuwapo walihama, wengine wamefariki, na waliobaki kila mmoja hutaja jina tofauti. Mimi nalijua. Siwaambii. Wewe uliyeegemea ukuta, sema wewe, tena usinijibu kwa adabu. Fundi aliyekiinamisha chuma kwa uchungu wa mama yake. Msaga unga aliyesema panapouma na akarudi asubuhi thelathini. Kungwi aliyefunga ndimi kisha akazifungua. Au mwenyewe aliyerudi akakaa: je, sikio lile lilistahili kunong'onezwa jina la nani?